Mamaku: Kangaga Mti wa Kuliwa, Kuanzia Spora Hadi Sufuria

Kabla ya kushika kisu, hakikisha mti wenyewe ni mamaku (Cyathea medullaris), wa asili ya New Zealand, ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wameula tangu zamani. Vikonyo vya majani ni vyeusi, vinene, vyenye magamba. Jani changa huchomoza likiwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Lililokomaa lina vidoa vya spora (vumbi ambalo kangaga huzaa badala ya mbegu), vya duara, upande wa chini. Saikadi, mimea ya mapambo yenye umbo la mnazi mfupi katika bustani za Nairobi, hufanana nao kwa mbali, lakini majani yake ni makavu, magumu, huzaa koni, na ni sumu. Kangaga la kawaida la malishoni, lisilo na shina juu ya ardhi, nalo lina ptakwilosidi, kemikali inayoleta saratani kwa ng'ombe. Usilile.

Makangaga miti ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare yaache yalipo. Jamii hiyo inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Spora za mamaku kutoka nje zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea.

Mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka, uache upoe, kisha nyunyiza spora juu bila kuzifukia. Funika kwa nailoni angavu, weka kivulini. Wengi hukosea hapa: udongo usiochemshwa huota kuvu na ukungu wa kijani unaomeza miche. Usimwagilie kwa juu. Weka trei ndani ya maji, udongo unyonye.

Mche ukifika sentimita 20, chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo mwekundu na mboji nyingi. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hutuamisha maji na kuozesha mizizi. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse moyo wa mti, yaani ncha inakochomoza majani. Januari na Februari, lowesha shina pia, maana limevikwa mizizi. Ncha za majani zikikauka, mara nyingi chanzo ni upepo mkavu. Weka neti ya kivuli.

Kwa jadi Wamaori walikula kiini cha shina, ila kukipata ni kuua mti: ncha ya kukua ni moja tu. Kwetu inafaa zaidi kukata jani moja changa, likiwa bado limejikunja, na kuyaacha mengine. Sugua magamba yote yatoke, yanakwaruza koo. Menya kikonyo, kioshe utelezi, chemsha dakika 15, mwaga maji, chemsha tena hadi kilainike. Kisha kaanga na kitunguu na nyanya. Usile kibichi, na mara ya kwanza onja vijiko viwili tu.