Kupiga rangi boneti ya gari uani kwako

Boneti ya Corolla yangu ilibabuka kwa jua la Dodoma, nikaipiga rangi mwenyewe uani. Kazi ilichukua siku tatu, na karibu mbili zote ziliishia kwenye msasa. Usione uvivu hapo, maana rangi haifichi mkwaruzo, inauonyesha.

Osha kwa sabuni, kausha, futa grisi, ndipo ushike msasa. Mimi nilianza na msasa namba 320 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) hadi rangi mbovu ikaisha. Pembeni, inapokutana rangi ya zamani na bati, fumba macho upitishe kiganja taratibu. Ukihisi kijingazi hata chembamba, endelea kusugua. Kidole kinajua kuliko jicho. Puti weka kwenye mbonyeo tu. Piga praima, yaani rangi ya msingi, ikikauka sugua kwa namba 600 na maji.

Mwaga maji chini ili vumbi lilale, na piga rangi asubuhi kabla upepo haujaamka. Bunduki ya kupulizia rangi iwe mbali na bati kama shubiri moja, mkono uende sambamba na boneti bila kupinda kifundo cha mkono, kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka la kwanza liwe jepesi. Subiri dakika 15 hivi, rudia. Nilipoharakisha, rangi ilichuruzika kama machozi karibu na taa, nikarudi kwenye msasa.

Klia, lile tabaka angavu la mwisho juu ya rangi, ikiwa na hadina (dawa ya kuigandisha) ina sumu ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kwa mpira, mpelekee fundi mwenye vifaa akupigie tabaka hilo.