Mvua ikishanyesha, maji yaelekee wapi shambani?

Milimita 1 ya mvua kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hesabu hiyo, mvua moja ya milimita 20 humwaga lita 200,000 kwenye hekta moja. Ni maji mengi mno. Lakini siku chache baadaye majani ya mahindi yanaanza kujikunja, na lawama zote hutupiwa mawingu.

Maji yakigusa ardhi hushika mojawapo ya njia nne. Hutiririka yakaondoka, huzama chini kuliko mizizi inavyofika, hugeuka mvuke kutoka kwenye udongo wenyewe, au hunyonywa na mizizi na kutoka kama mvuke kwenye vitundu vya majani. Zote, mapema au baadaye, huyarudisha angani yakanyesha tena. Ila kwa mazao yako, njia yenye faida ya moja kwa moja ni ya nne. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayonyonywa na mmea hutokea huko majani, na huo si upotevu: vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula cha mmea, na mvuke ukitoka huondoka na joto, jani likapoa.

Tuanze na maji yanayotiririka. Tone la mvua likipiga udongo mtupu huvunja mabonge madogo, na chembe laini huziba vitundu vya udongo. Jua likiwaka, panabaki ukoko mgumu, na mvua inayofuata hupita juu juu. Kwenye mteremko, lima kukata mteremko, usilime kuufuata.

Uvukizi unahitaji maelezo zaidi, maana hauonekani. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na pia hushika chembe za udongo. Ndiyo maana hupanda kwenye nafasi nyembamba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Jua linapokausha tabaka la juu, unyevu wa chini hupanda kujaza pengo, nao ukaenda. Palizi ya juu juu, sentimita 2 au 3 tu, hukata njia hizo na kuondoa magugu yanayokunywa maji ya mazao. Ukitifua kwa kina wakati wa ukame unaanika udongo mbichi na kukata mizizi. Kwa maoni yangu, matandazo ya nyasi kavu au mabua yanaishinda palizi, kwa sababu huzuia jua, upepo na kishindo cha matone kwa pamoja. Yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina.

Kwa wanaomwagilia: mvuke hupanda peke yake, chumvi zilizokuwa ndani ya maji hubaki. Ukiona utando mweupe juu ya tuta, kagua maji unayotumia na mifereji ya kutolea maji. Tena, kunyunyiza kidogo kila siku hulisha jua kuliko mizizi. Mwagilia hadi maji yafike kwenye mizizi, kisha subiri, na fanya hivyo asubuhi na mapema au jioni.

Udongo wa kichanga hupitisha maji haraka. Wa mfinyanzi huyashika kwa nguvu hadi mizizi hushindwa kuyavuta, hivyo mmea unaweza kunyauka huku udongo mkononi bado una ubichi. Mboji husaidia aina zote mbili.

Maji huyeyusha vitu vingi, mbolea ikiwemo. Naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti haishikwi vizuri na udongo, huzama na maji. Kwenye kichanga, gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu, na mvua kubwa ikinukia, ahirisha. Urea ifukie, ikiachwa juu, sehemu yake hupotea kama gesi.

Siku moja baada ya mvua, chimba shimo dogo kwa jembe uangalie rangi ya udongo. Ikiwa ulikuwa mkavu, kipima mvua kimesoma milimita 20, na ubichi umeishia upana wa vidole viwili, maji mengi yametiririka. Chimba juu na chini ya mteremko, penye matandazo na pasipo. Pale ubichi ulipofika kina kifupi kuliko kwingine ndipo pa kuanzia kuchimba makinga maji.