Kupata wageni zaidi kutoka Google: anza na kurasa ulizonazo

Tovuti ikikosa wageni, wengi hukimbilia kuandika makala mpya. Mara nyingi kazi yenye faida ya haraka iko kwenye kurasa za zamani: Google inazifahamu, ila inaziweka chini mno kiasi kwamba mtafutaji hazifikii.

Kuzipata, tumia Search Console, zana ya bure ya Google inayokuonyesha jinsi tovuti yako inavyojitokeza kwenye utafutaji. Thibitisha kuwa tovuti ni yako, fungua ripoti ya matokeo ya utafutaji, chagua miezi 3 iliyopita, kisha washa vipimo vyote vinne: mibofyo, idadi ya kuonekana, asilimia ya wanaobofya na wastani wa nafasi. Tafuta maneno wanayoandika watafutaji ambayo kwayo ukurasa wako uko kati ya nafasi ya 8 na ya 20 na yanayoonekana mara nyingi. Hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Yaliyo nafasi ya 60 yaache kwa sasa. Huko tatizo kwa kawaida ni ukurasa wenyewe, na kubadili kichwa hakutauokoa.

Bofya neno moja uone ni ukurasa gani unaojitokeza. Zikitokea kurasa mbili zinazojibu swali lile lile, zinanyang'anyana nafasi. Hamishia yaliyo mazuri kwenye ukurasa ulio imara zaidi, kisha elekeza anwani ya ule mwingine huko kwa msimbo wa 301, yaani uelekezo wa kudumu, na uache uelekezo huo ukae angalau mwaka 1. Kosa la kawaida ni kuelekeza kurasa zote zilizofutwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Google huzihesabu kama hazipo, na mgeni naye anajikuta mahali ambapo hakuomba kupelekwa.

Sasa linganisha maneno ya watu na maneno yako. Tuseme watu wanaandika "cheni ya baiskeli inaruka", na ukurasa wako unaitwa "Hitilafu za mfumo wa gia, sehemu ya 3". Jibu limo ndani, lakini nani atajua? Kichwa kiwe "Cheni ya baiskeli inaruka: sababu na jinsi ya kurekebisha". Weka neno muhimu mwanzoni na usivuke herufi 60 hivi, maana vichwa virefu hukatwa. Aya ya kwanza ijibu moja kwa moja: cheni imelegea kwa kuchakaa, meno ya gia yamelika, au kebo haijakazwa sawasawa. Ufafanuzi ufuate baadaye. Usilirudie neno "cheni ya baiskeli" katika kila sentensi. Linamchosha msomaji, na kurundika maneno ni kinyume cha kanuni za Google. Ile sehemu ya kuorodhesha maneno muhimu ndani ya HTML (msimbo unaojenga ukurasa) usiihangaikie kabisa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii. Maelezo mafupi ya ukurasa hayapandishi nafasi, ila yanaweza kumshawishi mtu abofye, kwa hiyo yaandike kama unamweleza mtu atakachokuta.

Kama ukurasa hauonekani popote, weka anwani yake kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu ya Search Console. Chanzo huwa kidogo tu: agizo la noindex, linaloiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo, lililosahaulika tangu tovuti ilipokuwa inajengwa, au kile kisanduku cha WordPress (mfumo wa kujengea tovuti) cha kuzuia injini za utafutaji kilichobaki na alama ya tiki. Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi. Faili ya robots.txt humzuia roboti, yaani programu ya Google inayopita ikisoma kurasa, asisome ukurasa, lakini haiuondoi kwenye matokeo. Ukiweka noindex na papo hapo ukamfungia roboti mlango, hataingia, na asipoingia hataliona agizo lako.

Viungo vya ndani ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote, na havina gharama. Chukua ukurasa unaotaka upande, tafuta kurasa nyingine 3 hadi 5 za tovuti yako zinazogusa jambo hilo, na kutoka kila mmoja weka kiungo chenye maneno yanayoeleweka: "jinsi ya kukaza kebo ya gia", si "bofya hapa". Ukurasa usio na kiungo chochote kutoka kurasa zenzake ni kama chumba kisicho na mlango.

Kuhusu kasi, mzigo mkubwa huwa picha. Picha ya upana wa pikseli 4,000 inayoonyeshwa kwenye nafasi ya pikseli 400 ni upotevu mtupu. Ipunguze hadi 800, ili ibaki safi hata kwenye skrini zenye pikseli nyingi, ihifadhi kwa WebP (aina nyepesi ya faili ya picha), na taja upana na urefu wake kwenye HTML ili maandishi yasirukeruke ukurasa unapofunguka. Picha kubwa ya juu kabisa usiicheleweshe kupakia. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kionekane ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa simu, kwani toleo la simu ndilo Google inalolitumia kupanga matokeo.

Viungo kutoka tovuti nyingine usinunue. Kiungo kilicholipiwa kinapaswa kuwekwa kwenye HTML alama ya sponsored au nofollow, inayoijulisha Google kwamba kisihesabiwe kama pendekezo. Kikifichwa, tovuti inaweza kuadhibiwa. Kurasa mamia zilizozalishwa kwa mashine bila kumfaa mtu nazo zimo kwenye makatazo, ambayo Google iliyapanua Machi 2024. Njia safi ni kuwa na kitu cha kunukuliwa, kama jedwali la vipimo ulivyopima mwenyewe, kisha kuwaandikia wachache wanaoshughulika na jambo hilo.

Rekebisha kurasa chache kwa wakati mmoja na uandike tarehe. Subiri, kisha linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada, ukiangalia mibofyo ya ukurasa huo. Wastani wa nafasi usikutishe ukishuka huku mibofyo ikipanda: ukurasa umeanza kujitokeza kwa maneno mapya, na mengi yake bado yako chini, ndiyo yanayouvuta wastani.