Mahindi Yanapoanguka Kabla ya Kuvunwa: Angalia Sukari ya Bua

Watoto wa vijijini wanajua kwamba bua tamu la kutafuna ni la mhindi uliokosa gunzi. Uliobeba magunzi mawili manono, kata bua lake punje zikiwa zinakomaa: halina utamu mwingi, sukari nyingi imehamia kwenye punje. Lipasue, na mara nyingi utakuta moyo umeanza kusinyaa na kugeuka kahawia au waridi. Huko ndiko kuoza kwa bua, kunakoangusha mahindi kabla ya kuvunwa.

Tangu ndevu zitoke, punje hudai sukari kila siku. Majani yakishindwa kutengeneza ya kutosha, mmea hukomba akiba ya bua na mizizi. Seli za ndani hufa mapema, na kuvu wa Fusarium na Diplodia, waliokuwa wakisubiri kwenye masalia ya msimu uliopita, huingia bila upinzani. Mwaka 1957 watafiti wa Marekani James Horsfall na Albert Dimond waliliweka gonjwa la namna hii katika kundi la magonjwa ya sukari kidogo, yaani yanayoshambulia mmea ulioishiwa sukari. Kutu na ubwiri unga waliviweka upande wa pili, kwa kuwa hivyo hustawi kwenye jani hai lenye sukari tele. Kwa hiyo sukari si kinga ya kila ugonjwa.

Kinachoniumiza zaidi shambani ni kuvua majani mabichi ya mahindi kwa ajili ya ng'ombe. Naelewa, malisho yakikauka mfugaji hana raha. Lakini jani la usawa wa gunzi na yaliyo juu yake ndiyo yanayojaza punje. Ukiyavua mapema unalilazimisha bua lijile lenyewe. Chukua ya chini yaliyoanza kuwa njano, mengine yaache mpaka punje ifunge. Utajuaje? Toa punje ya katikati ya gunzi, kwangua kitako chake kwa ukucha. Ukiona tabaka jeusi, punje haipokei tena chakula. Hapo kata utakavyo.

Kubananisha mimea nako huleta njaa hiyohiyo, maana majani yaliyotiana kivuli hayatengenezi sukari ya kutosha. Sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ni takriban mimea 44,000 kwa hekta, na udongo uliochoka hauhitaji zaidi. Usikuzie kwa urea tupu mwaka hadi mwaka: potasiamu ndiyo inayosaidia sukari kusafiri na bua kukaza, nayo huondoka shambani kila unapobeba mabua. Ukiwalisha ng'ombe, rudisha samadi. Badilisha na maharage au kunde, na chagua mbegu inayostahimili madoa ya majani.

Mahindi yakikaribia kukauka, pita shambani kwa mkato wa zigizaga na ubane pingili ya chini kwa vidole kwenye mimea 100. Linalobonyea limeoza. Yakifika 10 hadi 15, anza kuvuna, usingoje yakaukie shambani. Anika juu ya turubai hadi unyevu wa asilimia 13.

Magunzi yaliyolala chini yatenge. Fusarium huacha sumu ya fumonisini ambayo kupika ugali hakuiondoi, na yaliyooza usimtupie punda: sumu hiyo huharibu ubongo wake na kumuua.