Kuzeesha kitambaa kwa majani ya chai

Wengi wakitaka kitambaa kionekane cha zamani wanakizamisha kwenye chai mpaka kinakuwa kahawia kote, alafu wanashangaa mbona kinaonekana kipya tu, ila cha kahawia. Nguo iliyozeeka kweli haina rangi moja, kola na pindo zimekolea, mikunjo ina mistari, mabega yamepauka kwa jua, kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuamua rangi ikae wapi.

Hatua ya 1. Pamba, kitani, hariri na sufu vinashika rangi. Polista haishiki, usijisumbue. Kitambaa kipya lazima ukifue kwanza na sabuni maana mara nyingi kina wanga wa kiwandani unaozuia rangi isiingie, pamba ifue kwa maji ya moto, sufu na hariri kwa ya vuguvugu, alafu usikianike, kibaki kimelowa.

Hatua ya 2. Lita 1 ya maji, vijiko vikubwa 4 vya majani ya chai, chemsha dakika 15 kisha chuja vizuri sana, majani yakibaki yanaacha vidoadoa. Chai ina tanini, hiyo ndo inang'ang'ania nyuzi. Kahawa nayo inafaa ila harufu yake inakaa. Mimi huwa naongeza kiganja cha maganda makavu ya vitunguu wakati wa kuchemsha, yanatoa unjano fulani hivi wa joto ambao chai peke yake haina.

Hatua ya 3, na hapa tafadhali usiwe na haraka. Zamisha kitambaa dakika 20 ukikigeuza ili kipate rangi ya chini iliyo sawa, kitoe, kikamue, sasa kifinyange ovyo kama tambara, kifunge na uzi, kiweke kwenye beseni na ukimwagie chai iliyobaki sehemu sehemu, alafu kiache mpaka kesho bila kukigusa kabisa. Maji yakiwa yanakauka yanaisogeza rangi pembeni mwa mikunjo na inajikusanya pale, ndo unapata ile mistari ya uzee. Ukikigeuza geuza mistari inapotea yote. Kola na pindo ziongezee chai nzito kwa mswaki uliochakaa.

Hatua ya 4 sio lazima. Ukitaka ukijivu, loweka misumari yenye kutu kwenye siki na maji nusu kwa nusu kama wiki 1 au 2, kifuniko kiwe wazi kidogo maana inatoa gesi. Chuma kikikutana na tanini rangi inageuka kijivu au nyeusi hapo hapo, kwa hiyo kijiko 1 cha hiyo siki ya kutu kwenye lita 1 ya maji ya kuzamishia kitambaa kinatosha, niliwahi kumimina kikombe kizima nikapata nguo nyeusi tii na hakuna kurudi nyuma. Vaa glavu, usitumie sufuria ya kupikia, na ujue chuma kikizidi kinadhoofisha nyuzi.

Hatua ya 5. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, anika kivulini. Kikilowa kinaonekana kimekolea kuliko kikikauka, kwa hiyo usikitoe kwenye chai mapema kwa hofu. Baadaye kifue peke yake kwa sabuni laini, rangi itapungua taratibu, na kola zikipauka sana chukua tena mswaki na chai nzito uzirudie zenyewe tu.