Namna ya Kupima Athari za Vimelea na Mazingira kwa Uzazi na Uhai wa Ndege Wahamao

Anayetaka kujua kama vimelea vinawadhuru ndege wahamao mara nyingi huanza kwa kuuliza ni ndege wangapi wameambukizwa. Swali hilo lina manufaa yake, lakini jibu lake likiachwa peke yake hupotosha. Ndege aliyenaswa wavuni ni ndege aliye hai na mwenye nguvu za kuruka. Yule aliyezidiwa na maradhi amejikunyata kichakani au ameshaliwa, na wala hahesabiwi. Kwa hiyo kundi lenye wagonjwa wengi huenda ndilo linalostahimili ugonjwa, na kundi lisilo na mgonjwa hata mmoja huenda ni lile ambalo wagonjwa wake hufa upesi. Njia ya kuaminika zaidi ni kufuatilia viota vilevile na ndege walewale msimu baada ya msimu, kupima vimelea na mazingira kwa pamoja na, pale inaporuhusiwa, kumwondoa mdudu au kimelea ili kuona kinachobadilika.

Kabla ya yote, pata kibali na mafunzo. Katika nchi nyingi, kuwanasa ndege wa porini, kuwavisha pete na kuwatoa damu bila ruhusa ni kosa, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa mkono usiozoea unaweza kumvunja ndege mguu kwa sekunde moja. Asiye na kibali bado ana kazi ya maana ya kufanya: kutazama kwa darubini na kuandika tarehe ndege walipowasili, walipoanza kujenga, walipoanza kuatamia na makinda waliporuka.

Chagua spishi moja inayorejea mahali palepale. Mbayuwayu anafaa sana, kwa kuwa kiota chake huonekana kwa urahisi, hutaga mayai manne au matano kwa kawaida, huatamia kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda wake huruka wakiwa na umri wa siku 20 hivi. Kipe kila kiota namba, kitie kwenye ramani, kisha kikague kila baada ya siku tatu au nne. Usikikague wakati wa mvua au baridi kali, kwa maana kila dakika ambayo mama yuko nje, mayai yanapoa.

Katika kuhesabu mafanikio ya viota, wengi hukosea mahali pamoja. Huchukua viota walivyoviona, wakahesabu vilivyofikisha makinda, wakatoa asilimia. Viota vilivyoharibika siku za mwanzo havikuonekana kabisa, kwa hiyo asilimia hiyo huwa kubwa kupita ukweli. Mwaka 1961, Harold Mayfield alieleza njia ya kuliepuka kosa hilo: jumlisha siku zote ambazo kila kiota kilikuwa chini ya uangalizi, kisha gawanya idadi ya viota vilivyopotea kwa jumla hiyo. Tuseme viota 8 vimepotea katika jumla ya siku 200 za uangalizi. Hasara ya kila siku ni 0.04, na uwezekano wa kiota kuivuka siku moja ni 0.96. Ukizidisha 0.96 kwa yenyewe mara 34, yaani siku za kuatamia na kulea, unapata 0.25 hivi: kiota kimoja tu kati ya vinne hufika mwisho.

Sasa tuingie ndani ya kiota. Kwa utitiri, weka mkono mtupu kwenye ukingo wa kiota kwa sekunde 10, uuondoe, na uhesabu wadudu waliopanda. Utaona vidoti vya kijivu vinavyokimbia kuelekea kwenye kifundo, na vingine vyekundu vinavyokaribia weusi. Hivyo vya mwisho vimeshiba damu ya makinda. Tumia mkono uleule, muda uleule na umri uleule wa makinda kwa kila kiota, la sivyo hesabu za viota viwili hazilinganishiki. Chawa watafute kwenye manyoya ya mbawa na mkia, ukiyanyoosha dhidi ya mwanga. Mabuu ya nzi wa jenasi Protocalliphora ni ya hila zaidi, kwa sababu mchana hujificha chini kabisa ya kiota na hutoka usiku kunyonya. Anayekagua makinda mchana na kuwaona safi atadhani kiota hakina kitu. Kwa hao hakuna njia ya mkato: subiri makinda waruke, tia kiota chote kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kisha ukichambue kidogo kidogo na kuhesabu mabuu na mabuu-bwete, yaani walio katika hatua kati ya buu na nzi kamili.

Wapime makinda wote wakiwa na umri mmoja, kwa mfano siku ya 12, uzito kwa mizani ya gramu na urefu wa ubawa kwa rula. Baada ya siku ya 14 hivi usiwaguse tena, kwani wataruka kabla ya wakati, na kinda aliyeruka kabla ya wakati ana nafasi ndogo sana ya kuishi.

Vimelea vya damu vinahitaji hadubini. Vinavyojulikana zaidi ni vya jenasi tatu: Plasmodium, inayoenezwa na mbu, Haemoproteus, inayoenezwa na usubi wa jenasi Culicoides na nzi bapa wanaoishi manyoyani, na Leucocytozoon, inayoenezwa na nzi weusi wadogo wazalianao katika maji yapitayo. Damu hutolewa kwenye mshipa wa ubawa kwa sindano nyembamba, na kiasi kisizidi asilimia 1 ya uzito wa ndege. Kwa ndege wa gramu 18 hiyo ni mililita 0.18, ingawa kwa slaidi tone moja linatosha. Tandaza tone hilo liwe utando mwembamba, likauke hewani, liimarishe kwa methanoli, kisha lipake rangi ya Giemsa.

Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 1,000, utaona kwamba chembe nyekundu za damu za ndege, tofauti na za binadamu, zina kiini katikati, cha rangi ya zambarau. Haemoproteus iliyokomaa huonekana imekizunguka kiini hicho kama mkono unaokikumbatia, ikiwa na punje za rangi ya kahawia iliyokoza. Leucocytozoon haina punje hizo, na huibadilisha chembe mpaka isitambulike. Plasmodium ndiyo inayogawanyika ndani ya chembe za damu zenyewe, kwa hiyo ukiona kimelea kimegawanyika kuwa vichache vilivyosongamana ndani ya chembe moja, umeshaijua. Chunguza angalau chembe 10,000 kabla ya kusema slaidi ni safi. Hata hivyo, maambukizo ya muda mrefu huwa hafifu mno, na slaidi hukosa mengi yake. Kipimo cha PCR, kinachonakili vinasaba mara nyingi mpaka vionekane, kikitafuta jeni ya kimelea iitwayo saitokromu b, ndicho kinachoyaibua.

Ukishapata kimelea, uliza kilipatikana wapi. Ndege aliyekomaa aliyewasili kuzaa anaweza kuwa amekibeba kutoka kwenye makazi ya msimu wa baridi, maelfu ya kilomita mbali. Kinda wa mwaka huo, ambaye hajahama bado, ndiye shahidi wako bora: akiwa na kimelea, kimeenezwa papo hapo. Kwa hiyo usiache kuwapima makinda kwa kudhani ni wadogo mno kuwa na habari.

Maambukizo hafifu yasidharauliwe. Kwenye ziwa Kvismaren nchini Sweden, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi ndege wa matetini Acrocephalus arundinaceus, ambao hupitisha msimu wa baridi Afrika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa ndege wenye malaria sugu, yaani maambukizo ya muda mrefu ya vimelea vya damu, wasio na dalili ya nje ya ugonjwa, walikuwa na telomea (ncha za kromosomu, ambazo hufupika kadiri umri unavyosonga) zinazofupika haraka, waliishi muda mfupi zaidi na walilea makinda wachache katika maisha yao. Anayepima msimu mmoja tu asingeiona hasara hiyo.

Hata ufuatiliaji wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kimelea ndicho chanzo, kwa sababu ndege dhaifu huambukizwa kwa urahisi na pia huzaa vibaya. Ndiyo maana majaribio yana thamani. Huko Badajoz, Uhispania, mbayuwayu wa spishi Delichon urbicum walidungwa primakwini, dawa ya malaria, na wenzao wakadungwa maji ya chumvi. Waliopata dawa walitaga mayai asilimia 18 zaidi, na kufikia kuruka kwa makinda tofauti ilikuwa imefika asilimia 42. Zingatia hayo maji ya chumvi: kundi la kulinganisha lazima lishikwe, lidungwe na kuachiliwa sawasawa na lile jingine. Kwa wadudu wa kiotini, unaweza kutibu nusu ya viota kwa bahati nasibu, kama walivyofanya watafiti wa Nebraska waliofukiza kwa dawa ya kuua wadudu viota vya mbayuwayu Petrochelidon pyrrhonota. Katika makoloni makubwa, yaani penye viota vingi vilivyosongamana, makinda wa viota visivyofukizwa walikonda na kufa zaidi kwa sababu ya kunguni.

Mazingira yapimwe siku zilezile. Weka kipimajoto na kipimamvua karibu na viota, na mitego ya kunata ya kuhesabu wadudu warukao. Joto huingia pande zote mbili za mizani: Plasmodium relictum haikui ndani ya mbu kukiwa na chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, lakini baridi hiyohiyo huwazuia kuruka wadudu ambao mbayuwayu hulisha makinda wake. Kwa hiyo gawa viota vyako katika makundi manne: vilivyotibiwa na visivyotibiwa, katika siku za chakula tele na za uhaba. Ikiwa hasara ya utitiri inaonekana katika uhaba tu, umegundua jambo ambalo wastani wa msimu mzima ungelificha.

Usisahau nchi za mbali. Idadi ya ndege Curruca communis waliorudi kuzaa Uingereza mwaka 1969 ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili kulinganisha na mwaka 1968, na chanzo kilikuwa ukame wa Sahel, ukanda ulio kusini mwa Sahara ambako hupitisha msimu wa baridi. Nchini Uholanzi, makundi ya ndege Ficedula hypoleuca yalipungua kwa takriban asilimia 90 katika miongo miwili pale ambapo viwavi hufikia kilele mapema mno. Ndege hao walikuwa wakiwasili chakula cha makinda kimeshapita. Picha za setilaiti za uoto wa makazi ya msimu wa baridi hupatikana bure, na ziwekwe kwenye jedwali moja na vipimo vya kiotini.

Mwisho wa hesabu ni uhai wa ndege waliokomaa. Tangu mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipowavisha kwezi pete za aluminiamu zenye namba mwaka 1899, pete imebaki chombo kikuu, lakini inahitaji uangalifu. Ndege asiyeonekana hakufa kwa lazima. Ukivisha pete ndege 100, 40 wakabaki hai hadi mwaka unaofuata, nawe ukawa na uwezo wa kuwaona nusu yao, utaona 20 tu na utadhani 80 wamekufa. Tumia nyavu zilezile kwa saa zilezile kila mwaka, kwa angalau miaka mitatu, kisha ukadirie uhai na uwezekano wa kuonekana kila kimoja peke yake kwa njia ya kitakwimu ya Cormack, Jolly na Seber. Walioambukizwa wapewe makadirio yao wenyewe ya kuonekana, kwa kuwa ndege mgonjwa anayeruka kwa unyonge huenda akanaswa mara nyingi kuliko mwenye afya, na anayejificha kwa udhaifu huenda asinaswe kabisa.