Kabla Hujairudisha Simu Iliyolia Mara Moja

Huku Lamu kubipu ni lugha. Kijana akishuka basi Mokowe hubipu nyumbani, na mamake hujua kwamba limebaki la boti tu. Mvuvi akiingia gatini humbipu mchuuzi wake. Simu ikilia mara moja ikakatika, tunajua kuna mwenzetu ana haja nasi na salio hana, basi tunampigia. Matapeli wanaiwinda desturi hii hii ya kuhurumiana, ndiyo maana nataka tujipange kabla simu haijalia.

Mamkubwa wangu anakaa Langoni, na mwanawe yuko Jeddah. Usiku mmoja baada ya isha, kabambe yake, kile kisimu cha vitufe, ililia mara moja ikanyamaza. Namba ilikuwa na alama ya kujumlisha mbele, akajua ni ya ng'ambo, na kwake yeye ng'ambo ni mwanawe. Akapiga. Akasikia simu inaita, inaita, naye akasubiri kwa subira. Hakuna aliyesema neno. Shilingi 100 alizokuwa nazo zikaisha, na usiku ule hakupata usingizi. Shilingi hazikumuuma, aliingiwa na hofu kwamba mwanawe kapatwa na jambo.

Huenda simu ile ilikuwa imeshapokewa tangu mwanzo. Katika utapeli huu, mara nyingi anayepokea ni mashine, nayo hukuchezea sauti iliyorekodiwa ya simu inayoita ili uendelee kusubiri. Wengine huwekewa muziki, au sauti ya mtu anayewaomba wangoje kidogo. Namba zenyewe ni za malipo ya juu: kila dakika unayokaa unatozwa bei kubwa, na sehemu ya fedha hizo humrudia tapeli aliyezipanga. Yeye hatumii kitu, kwa sababu kompyuta yake hupigia maelfu ya watu na kukata kabla hawajapokea. Wajapani wameuita wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata.

Niondoe hofu moja hapa, maana nimeisikia barazani zaidi ya mara moja. Ukilikosa bipu lenyewe, hupotezi kitu. Kuirudisha simu hakufyonzi M-Pesa wala hakunakili laini. Kinachoondoka ni salio la kupigia, na kwa mwenye laini ya kulipia mwisho wa mwezi, bili. Lakini mtu akikupigia baadaye akitaka namba yako ya siri, au tarakimu ulizotumiwa kwa ujumbe, huo ni wizi wa aina nyingine. Kata simu.

La kwanza la kufanya, tena lifanyeni leo, ni mapatano ya nyumbani. Waambieni watoto na ndugu walio ng'ambo wasibipu kabisa. Mwenye haja apige tena mpaka apokewe, au aandike ujumbe, au ampigie jirani mliyekubaliana. Mkishapatana hivyo, bipu la ng'ambo halina tena nguvu ya kumshtua mzazi, kwa kuwa anajua mwanawe hafanyi hivyo. Kwangu mimi hili linashinda mengine yote, na halina gharama.

Kisha hifadhini namba za jamaa kwa majina, pamoja na tarakimu za nchi. Yetu ni 254, na hapa ndipo macho huchezewa: 252 ni Somalia, 253 ni Djibouti, 255 ni Tanzania, 269 ni Komoro. Saudia ni 966, Omani 968, Imarati 971. Kwa ndugu zetu wa Malindi wenye wageni wa Italia, ni 39. Tarakimu za nchi unayoijua si hakikisho, lakini zile za nchi usiyo na mtu ndani yake zinatosha kukufanya uiweke simu chini. Angalieni na saa. Saudia saa zao ni sawa na zetu, Omani wako mbele kwa saa moja tu, basi bipu la saa nane za usiku haliwezi kusingiziwa tofauti ya majira.

Wenye vyumba vya kukodisha na manahodha wa kutembeza wageni wana shida yao, kwa kuwa namba ngeni kwao huenda ni riziki. Wao nawashauri waandike kwanza kwa WhatsApp. Mgeni wa kweli atajibu. Humo humo kuna mpangilio wa kunyamazisha simu za wasiojulikana, na bado utaona ni nani aliyepiga.

Simu ya mzee ishughulikieni peke yake. Kama yeye hupigiwa tu kutoka ng'ambo, nendeni kwenye duka la kampuni ya laini yake mkaombe simu za kupiga nje ya nchi zifungwe. Asipotaka, mnunulieni dakika za kupiga humu nchini na salio lake liwe dogo. Kwa kawaida dakika hizo hazivuki mpaka. Na asikope Okoa Jahazi, salio la mkopo la Safaricom, ili amrudishie simu asiyemjua.

Ikiwa umeshapiga, kata mara moja, tazama salio, kisha izuie namba ile isikufikie tena. Mteja wa Safaricom anaweza kuituma namba ya tapeli kwa 333 bila malipo. Jambo la kuangalia sana ni maneno ya nyumbani. Mzee akikemewa mbele ya wajukuu, mara ya pili ataficha, na siku hiyo huenda kilichoguswa si salio tena.

Kwa mamkubwa tulikaa jioni moja, mwanawe akiwa kwenye simu kutoka Jeddah, akaahidi kwa mdomo wake kwamba hatabipu. Namba yake imeandikwa kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa chumba, ile 966 kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa ambazo mamkubwa anaziona bila miwani.